Niulizeni Mara Tatu

Vijana, shoka mlilolikuta nyuma ya mlango wa stoo ni langu. Msiliuze kwa watu wa vyuma chakavu. Najua sasa mna tanuri la dizeli lenye kitufe cha kijani, na kuni mnapasua mara mojamoja tu, kwa familia zinazotaka desturi ya zamani. Hata hivyo linoeni kila mwezi. Sababu nitawaambia, lakini si sasa hivi.

Jina langu ni Oloo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilichoma maiti hapa Kisumu, kwenye uwanja wa Wahindi. Nasema waziwazi kwa sababu kwa miaka mingi sikusema. Majirani zangu wa mtaa wa Obunga walidhani nafanya kazi ya kuchoma makaa, nami nikawaacha wadhani hivyo, mpaka siku ile mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliponiomba nimletee gunia la makaa kutoka kazini. Ikabidi nimwambie ukweli. Tangu hapo akawa ananipimia omena huku amenyoosha mkono wote, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua. Vijana wa kibanda cha nyama choma nao walinipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Siwalaumu. Kwetu sisi Wajaluo mtu hachomwi. Mtu anarudishwa nyumbani, mume analazwa upande wa kulia wa nyumba, na mkewe zamu yake ikifika analazwa kushoto. Hata aliyezama ziwani asipatikane hakosi kaburi. Watu wanatafuta yago, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini kama soseji kubwa, wanalilia, wanalizika mahali pake, na mambo yanakwisha. Sasa wewe mtoto wa Bondo unapokea mshahara kwa kuhakikisha hakibaki chochote cha kuzika, utawaambia nini watu?

Niliajiriwa kupasua kuni tu. Aliyenifundisha mengine ni Bwana Jayanti, mzee wa Kihindi aliyewaachia wanawe duka la vitambaa akaja kuuangalia uwanja bila malipo. Mtu mfupi, mkali, na kofia ya sufu hata kwenye jua la saa saba. Ndiye aliyenifundisha kwamba mti wa bluegum, yaani mkaratusi, ukiwa mbichi unatoa povu na kulia, na hakuna kitu kibaya kama kuni kulia mbele ya wafiwa. Wauza kuni wa siku zile walikuwa wajanja. Walipanga kavu juu na mbichi chini. Jayanti alichomoa kipande cha chini kabisa, akakigonga kwa kingine, akasikiliza. Kuni kavu inalia kama kengele ya shule, mbichi inasema "dup" na kunyamaza. Mpaka leo nikipita mahali panapouzwa kuni mikono inaniwasha kugonga.

Alinifundisha na upepo pia. Asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, alasiri unageuka na kurudi na moshi wote usoni mwa watu. Kwa hiyo ukipanga kuni za saa tisa, waweke wafiwa upande wa ziwa, hata kama kivuli kiko upande mwingine. Watanung'unika kwa sababu ya jua. Waache wanung'unike.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa maswali mawili. Kabla moto haujawashwa, hata kama mwili umeletwa na kasisi wao, hata kama watoto wote wamevaa nyeupe na kila kitu kinaonekana sawa, Jayanti alisimama mbele ya familia na kuuliza: huyu ni nani? Wanataja jina. Kisha: mmekubali niwashe? Wanakubali. Nilipomuuliza kwa nini anawasumbua watu wenye majonzi, alinijibu kwa Kiswahili chake: "Oloo, makosa ya kuzika iko dawa, wewe nachimba tena. Hii yetu hapana dawa."

Nilimwelewa kwa kichwa. Kumwelewa kwa tumbo kulinigharimu, tena gharama yenyewe alilipa mtu mwingine.

Siku hiyo Jayanti alikuwa amelazwa kwa sababu ya shinikizo la damu, uwanja ukawa mikononi mwangu. Wakaja wanaume wawili, wamemleta baba yao marehemu. Walikuwa wamekubaliana saa kumi. Saa tisa u nusu nikaona wingu jeusi limesimama juu ya vilima vya Nandi, na ninyi mnajua mvua ya huko ikiamua kushuka haipigi hodi. Nikawaona wale ndugu wanatazama wingu, nikajifanya mtaalamu. Nikauliza maswali yangu mawili upesiupesi, nikasema tuwashe kabla ya mvua. Wakakubali. Kuni zilikuwa kavu, samli ya kunyunyizia kuni ilikuwa nyingi, moto ukashika vizuri kuliko siku zote. Nilijivunia, nawaambia kweli.

Baada ya dakika ishirini ikaingia teksi kutoka Eldoret. Akashuka dada yao. Wale ndugu walimwambia saa kumi, naye alifika saa kumi kasoro dakika tano.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikuja mpaka niliposimama na ufito wangu wa kusogezea kuni, akaniuliza, "Uso wake uko upande gani?" Nikamwonyesha. Akaenda kusimama upande huo, akasogea, akasogea, mpaka joto likamrudisha nyuma. Mvua yenyewe haikunyesha hata tone.

Siku ya kuokota majivu nilimwomba msamaha. Akaniambia hajui anisamehe nini, kwani mimi sikujua hata kama yeye yupo. Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Sikujua kwa sababu sikuuliza. Jayanti alipotoka hospitali nilimweleza yote nikingoja anifukuze. Akasema, "Kuni iko nyingi, Oloo. Mvua kesho iko tena. Yule msichana alikuwa na baba moja." Kuanzia siku hiyo maswali yakawa matatu. La katikati ni langu: nani hajafika?

Msilifanyie mzaha swali hilo. Watu husema "wote tupo" kama wanavyosema "salama" wakiamkiwa. Ngojeni kidogo baada ya jibu. Mtazameni yule anayetazama viatu vyake. Huyo ndiye anayejua nani hayupo.

Na hapa ndipo ninapogombana na kitufe chenu. Tanuri ni zuri, sikatai. Halina moshi, haliogopi mvua, na mgongo wangu ungelishukuru kama lingekuja mapema. Lakini kuni zilikuwa na adabu yake. Kupasua, kupanga, kunyunyiza samli, saa mbili zinapita, na katika saa mbili mtu mwenye shaka anapata nafasi ya kufungua mdomo. Kitufe kinamaliza kazi kabla jasho halijakutoka. Kwa hiyo ninyi itabidi muwe wapole kuliko sisi, maana mashine yenu ina haraka.

Sasa niwaambie habari ya Mwalimu Obura, kwa sababu ndiyo inayonihusu mpaka leo.

Wakati huo tanuri lilikuwa limekwisha kuja, nami sijastaafu. Aliletwa na mkewe, Mama Leah, pamoja na mchungaji na walimu wachache. Watu wa kwetu kabisa, wa Bondo, upande wa ufukoni. Mwalimu alikuwa ameacha barua yenye sahihi yake, na Mama Leah alinisomea. Mwaka ziwa lilipopanda, maji yaliingia bomani kwao yakafunika kaburi la baba yake. Mwalimu aliingia majini mpaka kifuani kulitafuta kwa miguu, akalikosa. Akaandika kwamba hataki maji yamchagulie siku ya kuhama. Achomwe, majivu yatiwe ziwani, aende mwenyewe kwa hiari alikokwenda baba yake.

Nilikuwa nimewachoma Wajaluo wawili tu kabla yake, wote watu wa mjini waliokaa ng'ambo miaka mingi. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa jembe na kanisa.

Nikauliza huyu ni nani. Wakataja jina. Nikauliza nani hajafika. Mchungaji akasema wote wanaohitajika wapo. Nikamwambia, pole baba, sikuuliza wanaohitajika. Mama Leah alikuwa anatazama viatu vyake. Nikangoja. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, "Mamake. Hatujamwambia kwamba tutamchoma. Tuliogopa."

Mchungaji alinikasirikia, akasema mimi ni mfanyakazi, nifanye kazi. Nikamjibu kwamba kungoja ndiyo kazi yenyewe, kubonyeza kitufe ni dakika moja tu. Nikaketi juu ya gogo. Na kumbe sikungoja bure, kwa sababu ndugu wa marehemu, aliyekuwa anaipinga barua tangu mwanzo, alikuwa amekwisha kumpigia mama simu na kwenda kumchukua kwa gari. Saa nane na kitu gari likaingia.

Akatoka bibi mwembamba sana, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwenye leso. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Njiani aliambiwa kwamba mtoto wake anachomwa saa sita, na saa sita ilikuwa imepita, kwa hiyo alisimamisha gari akachukua yago. Alikuja kuchukua kilichobaki cha mtoto wake aende akazike tunda. Badala yake akamkuta mtoto mzima, amelala, uso haujafunikwa.

Alimshika mashavu kwa muda mrefu. Kisha ndugu wa marehemu akasema, "Hii maneno imeisha. Mama amekuja, bodi inaenda nyumbani." Mama Leah naye akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akanyoosha ile barua, akasema kitu ambacho sitakisahau: "Mama, haya ni maneno yake, si yangu. Ukisema hapana naichana sasa hivi, na sitakulaumu."

Hapo nilijua kwamba lolote atakalosema yule bibi ndilo litakalokuwa, na halitarudi. Akisema hapana, mtu aliyeomba jambo moja tu baada ya maisha yake yote angenyimwa. Akisema ndiyo, hakuna wa kumrudishia mtoto. Lakini hakusema lolote kati ya hayo. Alinigeukia mimi. Tulizungumza Kijaluo, nami nawawekea kwa Kiswahili kama kilivyotoka.

"Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Bondo, mama."

"Bondo hii yetu?"

"Hiyo hiyo."

"Na wewe ukifa, watakuchoma hapa au watakupeleka nyumbani?"

Vijana, kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Ukweli nitawaambia ulivyokuwa. Nilikuwa na nyumba Bondo, mabati mazuri, madirisha mawili, na upande wa kulia mke wangu alikuwa amekwisha kuondoa mawe mahali pa kaburi langu. Sikuwahi kufikiri kwamba moto huu unanihusu. Nilikuwa kama mwuza viatu anayekwenda kwake pekupeku. Na nilijua kwamba nikisema "nyumbani", barua itachanwa, tena itachanwa kwa haki, maana mpishi asiyeonja chakula chake amekwisha kukushauri usile. Ningeweza kusema sijui. Nilimtazama Mwalimu. Nikamfikiria ndani ya maji mpaka kifuani, anatafuta kwa miguu.

"Hapa, mama," nikasema.

"Unaapa?"

"Naapa."

"Mbele ya mtoto wangu?"

"Mbele ya mtoto wako."

Alinitazama mpaka nikahisi anahesabu mifupa yangu. Kisha akasema, "Basi hatakuwa peke yake. Kuna mtu wa kwetu atamfuata. Washa."

Nikauliza swali la tatu kama kawaida, mmekubali, na yeye mwenyewe akajibu tena. Nikabonyeza. Ndugu wa marehemu alitoka akaenda kusimama barabarani, na baadaye ndiye aliyembebea mama yago kurudi nalo nyumbani. Walilizika. Mama Leah alitia majivu ziwani. Kwa hiyo Mwalimu ana sehemu mbili, na hakuna aliyeona ajabu kuliko inavyostahili.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu kutoka kazini mpaka Obunga, nikimtafutia mke wangu, Mama Atieno, maneno. Alikuwa anapika ugali. Nikamweleza yote bila kuficha. Akaendelea kusonga mpaka ukaiva, akaepua, akaweka mwiko chini.

"Umeapa?"

"Nimeapa."

"Ulinipigia simu nikakosa kushika?"

Mimi, bwana wa swali la katikati, niliyemketisha mchungaji juani nikisema tungoje asiyefika, niliwasha moto wangu mwenyewe bila kuuliza nani hajafika. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na haki ya kuwepo, tena alikuwa mwendo wa saa moja, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Niliona aibu siku ile kuliko siku ya yule dada wa Eldoret. Sijaacha kuona aibu.

Hakunigombeza. Alinyamaza, na mke wangu akinyamaza hata kuku wanajua. Alinipikia, alinifulia, lakini kwa miezi mingi hakunitania hata mara moja, yeye ambaye utani ndio uliomfanya anioe, maana kusema kweli yeye ndiye aliyenioa.

Nilipostaafu, wazee wa ukoo waliniita Bondo. Walinipa kiti na chai, nikajua kuna jambo. Wakasema kiapo cha mbele ya maiti ya watu wengine hakimfungi mtu. Wakasema kuna jogoo wa kuchinja, kuna maneno ya kusema, jambo lioshwe liishe. Mmoja akaongeza kwamba hata yule bibi amekwisha kufa, sasa ni nani atanidai? Niliwasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni wakubwa wangu. Kisha nikawaambia jogoo anaweza kuosha maneno yangu, lakini hawezi kumtoa Mwalimu motoni. Yule mama alimtoa mtoto wake kwa neno langu. Kama neno lile si kitu, basi nilimdanganya mama akanipa mwanawe nimchome. Hilo sitakufa nalo. Wakaniambia kichwa changu ni kigumu. Nikawaambia chai ni nzuri.

Mama Atieno alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni siku hiyo, anasikia yote. Desemba iliyopita alikwenda Bondo peke yake siku tatu, akarudi na mfuko wa mtama, na chini ya mtama kitu kirefu. Akapanda juu ya kiti, akakiweka juu ya kabati letu la vyombo. Yago. Kubwa, zuri, halina tundu hata moja la mdudu. Alishuka akafuta mikono, ndipo akanipa jibu alilonilimbikizia muda wote ule.

"Neno lako limeshachoma mtoto wa watu," akasema. "Sitakuambia ulirudishe, haiwezekani. Lakini mimi nitazikwa kwangu, kushoto, na kulia kwangu hapatakuwa mahali patupu. Na hiyo siku yako nitakuja mwenyewe. Waningoje."

Limekauka sasa, limekuwa la kahawia. Wageni wakiuliza anawaambia ni mume wake wa akiba.

Kwa hiyo vijana, hii ndiyo sababu ya shoka. Siku yangu ikifika msitumie kitufe. Nichomeni kwa kuni, mkizigonga kwanza mkasikiliza. Bluegum kavu, za miezi sita chini ya mabati. Zipasueni wenyewe, mpate saa mbili za kuwa na watu wangu, kwa sababu watakuja wengi na wengine watakuja na hasira.

Ulizeni huyu ni nani. Ni Oloo, hilo rahisi.

Ulizeni nani hajafika. Watawaambia wote tupo. Msikubali mpaka mmemwona Mama Atieno kwa macho yenu. Magoti yake ni mabaya na hapandi pikipiki, kwa hiyo atachelewa. Wingu likisimama juu ya Nandi, liacheni lisimame. Kuni zikilowa, zianikeni tuanze kesho.

Na la tatu, mmekubali niwashe, msimuulize mwingine yeyote, si mwanangu, si wazee wa ukoo. Muulizeni yeye. Mimi jibu langu nilikwisha kulitoa mbele ya Mwalimu, na liko palepale. Lake ndilo ambalo sikulingoja, na safari hii nitalingoja nikiwa nimelala kimya kabisa.

Juzi nilimuuliza kama siku hiyo atasema washeni. Alikuwa anachambua omena. Akasema, "Utajua aje?" Akacheka, kile kicheko chake cha zamani, mpaka akashika kiuno.

Linoeni shoka. Na mumngoje.